Waswidi Waliopima Mashine za Chesi

Katikati ya miaka ya 1980, katika nyumba kadhaa za Sweden, kulikuwa na watu waliorudi kutoka kazini jioni, wakala, kisha wakaweka mezani mbao mbili za chesi za umeme. Ubao mmoja ulikuwa mashine ya kampuni hii, wa pili mashine ya kampuni shindani. Ya kwanza ikishamaliza kufikiri, vitaa vyekundu viliwaka pembeni kuonyesha kete itoke mraba gani iende mraba gani. Mwenye nyumba aliikandamiza kete kwenye mraba wake, akaisogeza, akaikandamiza tena ilipotua. Kisha akageukia ubao wa pili na kuirudia hatua hiyohiyo, ili mashine ya pili ijue imechezewa nini. Halafu akangoja. Kanuni ilikuwa hatua 40 kwa saa mbili kwa kila upande, na baada ya hapo hatua 20 kwa kila saa. Jioni ingeweza kwisha mchezo ukiwa bado katikati.

Ilikuwa kazi ya kujitolea. Watu hawa walikuwa wanachama wa chama cha Sweden cha kompyuta za chesi, SSDF, ambacho tangu mwaka 1984 kilikuwa kikitoa jedwali la nguvu za mashine zote walizoweza kuzipata. Kwa takriban miaka ishirini jedwali hilo ndilo lililotazamwa kwanza na kila aliyetaka kununua mashine ya chesi, na ndilo lililowakosesha usingizi waliozitengeneza.

Ili kuelewa kwa nini jedwali hilo lilihitajika, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 kampuni ya Fidelity Electronics ya Marekani, chini ya Sidney Samole, iliingiza sokoni Chess Challenger, moja ya mashine za kwanza za chesi ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzinunua dukani. Ilikuwa na kiwango kimoja tu cha uchezaji. Waundaji wake walikuwa wageni wa mchezo kiasi kwamba waligeuza alama za ubao: safu ambazo wachezaji wote huzitaja kwa herufi wao waliziandika kwa namba, na zile za namba wakaziandika kwa herufi. Haikuzuia watu kuinunua. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya kompyuta ya California, programu ya Sargon iliyoandikwa na mke na mume, Kathe na Dan Spracklen, ilishinda mashindano ya kompyuta ndogo. Baada ya muda mfupi soko likajaa: Fidelity huko Marekani, Novag na SciSys huko Hong Kong, Hegener & Glaser wa Munich na mashine zao za Mephisto.

Kila sanduku lilikuja na tambo zake. Mnunuzi wa redio huiwasha dukani akasikia sauti. Mnunuzi wa mashine ya chesi alikuwa hana la kusikia. Kama yeye ni mchezaji dhaifu, mashine zote zilimfunga. Kama ni hodari, alihitaji wiki kadhaa kujua mashine inajikwaa wapi. Kwa hiyo alinunua kwa kuamini maneno ya tangazo, na tangazo halikuwahi kusema mashine hii ni ya pili kwa ubora.

Mashindano yalionekana kuwa dawa. Mwaka 1980 mashindano ya kwanza ya dunia ya kompyuta ndogo yalifanyika London, na mashine ya Fidelity ikatwaa ubingwa. Baadaye zamu ikawa ya Mwingereza Richard Lang, mtunzi wa programu za Mephisto. Programu zake zilitawala mashindano hayo mfululizo, na Hegener & Glaser wakabuni desturi ya kuuzia: kila mashine mpya ikapewa jina la mji wa mashindano. Ndiyo maana wapenzi wa mashine hizi hadi leo hutaja Amsterdam ya 1985, Dallas, Roma, Almeria, Portorose, Lyon na Vancouver ya 1991 kama mtu anayesoma tiketi za safari, kumbe anataja mbao za chesi.

Lakini ubingwa una kasoro mbili. Ya kwanza, mashindano ya wiki moja ni michezo michache mno. Mashine ya tatu kwa nguvu inaweza kuamka vizuri na kushinda. Ya pili ni nzito zaidi: mara nyingi kampuni zilipeleka ukumbini mashine zilizoongezewa kasi, zenye chipu ambazo mteja asingezikuta dukani. Bingwa aliyeshangiliwa na sanduku lililouzwa vilikuwa ndugu, si kitu kimoja.

Waswidi walichukua njia nyingine: kununua au kuazima mashine ileile ya dukani, kuichezesha polepole kwa muda wa mashindano rasmi, na kurudia mara mia kadhaa.

Hesabu waliyoitumia haikuwa yao. Ilitoka kwa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Milwaukee, Marekani. Chama cha chesi cha Marekani kiliikubali hesabu yake mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Msingi wake ni rahisi. Hakuna nguvu inayosimama peke yake. Kuna tofauti kati ya wawili. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 100, unategemewa kupata pointi 64 katika kila michezo 100, sare ikihesabiwa nusu. Ukimzidi kwa 200, utapata 76 hivi. Ukimzidi kwa 400, utapata 91. Kwa hiyo matokeo ya mapambano yanageuzwa kuwa namba, na namba inageuzwa kuwa utabiri wa mapambano yajayo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili lote, na ndipo wauzaji wengi walipoteleza kwa makusudi. Mashine iliyoandikwa 2265 haina 2265 ndani yake kama gunia linavyokuwa na kilo 90. Namba hiyo imetokana na wapinzani fulani, muda fulani wa kufikiri na chipu fulani. Badilisha kimoja, namba inasogea. Fidelity waliingiza namba mpaka kwenye majina: karibu na mwaka 1990 waliuza mashine zilizoitwa Designer 2265 na Designer 2325, namba zikiwa sehemu ya jina lenyewe, kana kwamba nguvu ni kipimo cha kiatu.

Waswidi nao walihitaji pa kuitundika ngazi yao. Mashine zikipigana zenyewe kwa zenyewe, hesabu inaeleza ni ipi imeizidi ipi na kwa kiasi gani, lakini haielezi ngazi nzima iko juu au chini kiasi gani ukilinganisha na binadamu. Hivyo, kati ya mwaka 1987 na 1991, mashine zilichezeshwa dhidi ya wachezaji wa Sweden wenye viwango vinavyojulikana, zaidi ya michezo 300, na ngazi ikafungwa hapo. Miaka ilipopita bila kamba mpya, ngazi ikaanza kuelea. Mwaka 2000 chama kiliteremsha jedwali zima kwa pointi 100, kwa sababu namba za juu zilikuwa zimepanda kuliko zilivyostahili mbele ya mabingwa wa kibinadamu. Kwa watengenezaji lilikuwa pigo, maana bidhaa zao zote zilidhoofika usiku mmoja kwenye karatasi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Chama hakikurudi nyuma. Uamuzi ule, kuliko jedwali lolote, ndio unaoonyesha kwa nini watu waliwaamini.

Kuna jambo jingine walilolifanya ambalo matangazo hayakulifanya kamwe. Kando ya kila namba walichapa kiasi ambacho namba hiyo ingeweza kupotoka, juu na chini. Wasomaji wengi waliruka safu hizo. Ni hasara, kwa kuwa ndizo zilizobeba ukweli. Kwa michezo 100, hata kama theluthi moja imeisha sare, namba inaweza kuwa imekosea kwa pointi 60 hivi kila upande. Ukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu, inabidi uzidishe michezo mara nne. Tuseme mchezo mmoja unachukua saa tano: michezo 400 ni saa 2,000. Mtu mmoja anayetenga saa nne kila jioni angehitaji siku 500, na hapo angekuwa amepima mashine moja tu, na bado kosa la pointi 30 lipo palepale. Wakati huohuo wa kwanza na wa pili kwenye jedwali mara nyingi walipishana kwa pointi zisizofika hata hizo. Kampuni iliyotangaza kuwa ni namba moja duniani kwa tofauti ya pointi nane ilikuwa ikitangaza kelele za takwimu.

Mapema zaidi, mwaka 1982, Ken Thompson wa Bell Labs alikuwa amefanya jaribio lililowafundisha wote. Alichukua mashine yake, Belle, akaipambanisha na nafsi yake: upande mmoja ukiruhusiwa kutazama mbele kwa hatua nne, mwingine tano, na kuendelea hivyo. Kila hatua moja ya kina iliongeza takriban pointi 200. Matokeo yaliwapa watengenezaji matumaini makubwa: ongeza kasi ya chipu, nguvu itapanda yenyewe. Yalikuwa na onyo pia, ingawa wachache walilisikia. Mashine mbili za ukoo mmoja zikipambana, ile inayoona mbele kidogo tu humwadhibu mwenzake kwa ukali usioonekana mbele ya mpinzani wa namna nyingine. Tofauti hukuzwa.

Athari ya chipu ilionekana wazi kwenye jedwali. Portorose ya Lang ilipotoka kwenye prosesa ya megahezi 12 na kuhamia ile ya megahezi 36 ilipanda kwa zaidi ya pointi 100, programu ikiwa ileile. Ndiyo maana SSDF waliandika aina na kasi ya prosesa pembeni ya kila jina. Mwaka 1984 kileleni palikuwa na Super Constellation ya Novag, prosesa ya megahezi 4, kwa pointi 1631 katika namba zilizorekebishwa. Mwaka 2006 palikuwa na programu ya Rybka kwenye kompyuta ya megahezi 1200, pointi 2902. Kugawa umbali huo kati ya akili ya watunzi wa programu na kasi ya viwanda vya chipu ni kazi ngumu.

Miaka ya 1990 iliua ubao wenye vitaa. Kompyuta ya mezani ilikuwa na kasi zaidi, na programu ikawa disketi, kisha CD: Genius ya Lang, Rebel ya Mholanzi Ed Schröder, Hiarcs ya Mark Uniacke, Fritz ya Frans Morsch iliyouzwa na ChessBase ya Hamburg, Junior ya Waisraeli Amir Ban na Shay Bushinsky, Shredder ya Stefan Meyer-Kahlen. Kazi ya kukandamiza kete nayo ikafa. Mwaustria Chrilly Donninger alitengeneza mfumo uliounganisha kompyuta mbili kwa waya, zikapeana hatua zenyewe usiku kucha huku mwenye nyumba amelala. Michezo iliyohitaji mwezi sasa ilipatikana kwa wiki.

Wepesi huo ulileta hila. Kila programu huanza mchezo kwa kufuata kitabu cha ufunguzi, yaani hazina ya hatua za mwanzo zilizokwisha kuchambuliwa. Mtunzi wa kitabu angeweza kununua programu ya mpinzani, kuichezesha nyumbani hadi aone inapoingia shimoni, kisha kulichimba shimo hilo ndani ya kitabu chake. Programu yake ilipokutana na ya mpinzani kwenye meza ya Sweden, ushindi ulikuwa umekwisha pikwa kabla mashine haijafikiri hata sekunde moja. Zilikuja pia programu zilizojifunza: ikishinda mchezo, inakumbuka njia na kujaribu kuirudia. Mpinzani asiyejifunza aliweza kufungwa kwa mchezo uleule, hatua kwa hatua, mara kadhaa, na kila mara ikahesabiwa kama ushahidi mpya. Michezo mitano, habari moja.

Je, hiyo ni nguvu au si nguvu? Waliobishana walikuwa na hoja pande zote. Upande mmoja ulisema mteja hununua kifurushi kizima, kitabu na uwezo wa kujifunza vikiwemo, na mchezaji wa kibinadamu naye hujiandaa dhidi ya mpinzani wake. Upande wa pili ulijibu kwamba mteja wa nyumbani hachezi dhidi ya Rebel wala Genius. Anataka programu inayofikiri vizuri mbele yake yeye, na kitabu kilichotegwa kwa ajili ya jedwali hakimsaidii chochote. Upande wa pili ulikuwa na haki zaidi. Mwaka 1998 ugomvi ulifikia kilele pale Fritz 5 ilipopanda hadi nafasi ya kwanza ikiwa imejaribiwa kwa mfumo wa kuunganisha kompyuta uliotoka kwa ChessBase wenyewe, na washindani wakalalamika kwamba hawawezi kuukagua. Malalamiko ya aina hiyo hayaishi kwa urahisi: kipimo kikishatoka mikononi mwa mpimaji, hata aliyeshinda kwa haki hubaki na doa.

Wengine walitafuta njia ya mkato. Mwaka 1982 Danny Kopec na Ivan Bratko walichapisha mikao 24 ya chesi. Unampa mchezaji au mashine kila mkao kwa muda mfupi, unahesabu mingapi ameijibu sawasawa, unakadiria nguvu yake. Saa moja badala ya siku 500! Kwa muda ilifaa. Ila mikao ilipojulikana, watunzi waliweza kurekebisha programu mpaka zikaijibu yote, na zikaendelea kupoteza michezo kama zamani. Mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana anajulikana kila shule.

Na binadamu? Tarehe 31 Agosti 1994, London, Genius ya Lang ilimtoa bingwa wa chesi Garry Kasparov kwenye mashindano ya michezo ya haraka, dakika 25 kwa kila mmoja. Habari hizo ziliuza programu kuliko jedwali lolote, ingawa Viswanathan Anand aliitoa Genius siku chache baadaye. Oktoba 2002, Vladimir Kramnik na Deep Fritz walitoka sare ya 4 kwa 4 huko Bahrain. Mwaka 2005 mashine ya Hydra, iliyogharimiwa kutoka Abu Dhabi na kuandikwa na Donninger yuleyule wa waya, ilimbwaga Mwingereza Michael Adams kwa 5.5 dhidi ya 0.5, lakini Hydra haikuwa bidhaa ya dukani. Mwishoni mwa 2006 Deep Fritz, ambayo yeyote angeweza kuinunua, ilimshinda Kramnik 4 kwa 2 mjini Bonn. Katika mchezo wa pili Kramnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, hakuona kwamba mfalme wake anafungwa kwa hatua moja. Tangu hapo kupima programu kwa binadamu kumepoteza maana, maana binadamu si mzani tena. Amekuwa mwepesi kuliko kinachopimwa.

Mizani mipya ilikuja na vikundi vingine vya wanaojitolea, CCRL na CEGT, vilivyoanza katikati ya miaka ya 2000. Hivi vilichagua upande katika ule ubishi wa zamani: programu zote hutumia ufunguzi wa pamoja usioegemea upande wowote, ili kinachopimwa kiwe injini inayofikiri na si werevu wa mtunzi wa kitabu. SSDF waliendelea kupima kifurushi kizima kama kinavyouzwa. Vipimo hivyo viwili vinajibu maswali mawili tofauti, na anayezilinganisha namba za viwili hivyo ana kwa ana anajidanganya.

Kisha kikaja kisa cha Rybka, kilichoonyesha kitu ambacho hakuna jedwali linaloweza kukipima. Programu hiyo ya Vasik Rajlich ilitokea mwishoni mwa 2005 na kuwaacha wengine mbali. Mwaka 2011 chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kiliamua kwamba ilikuwa imechota kutoka programu za wengine, Crafty na Fruit, na kikaivua mataji yake ya dunia ya 2007 hadi 2010. Rajlich alikana, na wataalamu wamegawanyika hadi leo. Pointi zilipatikana ubaoni kweli. Swali lilikuwa ni pointi za nani.

Biashara yenyewe ilibanwa kutoka upande ambao wauzaji hawakuutazamia. Stockfish, programu huria isiyouzwa, ilianza mwaka 2008, na tangu 2013 kila badiliko dogo ndani yake hupimwa kwa maelfu ya michezo ya haraka kwenye kompyuta za watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Badiliko lisilothibitika hutupwa, hata kama aliyelileta ni mtaalamu mwenye jina. Ni roho ileile ya meza za Sweden, isipokuwa pale palipokuwa na jioni moja sasa pana maelfu ya kompyuta. Mwaka 2020 Stockfish ilipokea mtandao wa neva, na hakuna programu ya kuuzwa iliyoifikia kwa raha.

Februari 2021 ChessBase walitoa Fat Fritz 2 kwa euro 99.90, wakiitangaza kuwa namba moja mpya. Ndani yake kulikuwa na Stockfish pamoja na mtandao wa neva mwingine. Watunzi wa Stockfish walifungua kesi Munich, mji uleule wa Mephisto, na Novemba 2022 pande mbili zikapatana nje ya hukumu. Fat Fritz 2 iliondolewa sokoni. Stockfish inapakuliwa bure, na mtu mwenye simu ya kawaida anaweza leo kuichezesha dhidi ya Portorose ya zamani, akihamisha kete kwa mkono wake mwenyewe kama walivyofanya Waswidi.